Sauti ya Katikati

Mtaani walimwita Bofya, na hata wale waliowahi kulijua jina lake walikuwa wameshalisahau. Ukilizunguka lile duka la vifaa vya shule na kutoa kopi, kwa nyuma ulikuta mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani, na ndani yake mzee mwembamba ameinamia skrini, mkono juu ya kipanya, anabofya. Kutwa nzima ni bofya, bofya, bofya. Wateja wa kopi wakauliza, "Hivi huyo bwana anafanya nini huko nyuma?" Mwenye duka, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akajibu, "Anafufua wafu." Watu wakacheka, wakachukua kopi zao, wakaenda.

Na kweli alikuwa anafufua. Kuna michezo ya kompyuta ya zamani, siyo hii ya leo ya kumiminiana risasi mpaka mtoto anatokwa na jasho. Ile ilikuwa michezo ya wenye subira. Unaonyeshwa chumba kilichochorwa, una mshale wako, unabofya mtoto wa meza, anafunguka. Unakuta kamba, unaichukua. Unamkuta mtu mlangoni, unambofya, anaongea nawe. Ile kamba hujui itakufaa wapi mpaka ufike kisimani, na kama uliidharau ukaiacha, basi imekula kwako, rudi ulikotoka. Watu wazima na akili zao walikaa wiki nzima wakihangaika na mlango mmoja, na ukiwauliza walikuambia wanastarehe.

Kompyuta zikabadilika, michezo ile ikafa. Ukiiweka kwenye mashine za sasa, ama haifunguki kabisa, ama inafunguka halafu inakimbia kama imepandwa na wazimu, kwa sababu iliandikwa ifuate mwendo wa mashine za wakati ule. Kazi ya Bofya ilikuwa kuichukua michezo hiyo, kuitengeneza ikubali mashine mpya, na kuirudisha kwa kampuni zinazoiuza upya kwa watu walioicheza utotoni. Alikuwa bingwa, tusifichane. Na alikuwa na amri moja, ameiandika ukutani kwa kalamu nzito nyekundu: NAKILI KWANZA, GUSA BAADAYE. Maana vitu vya zamani ni vya kuvunjika. Ukigusa kilichobaki kimoja kabla hujatoa nakala, ukakiharibu, hakuna wa kukuletea kingine. Vijana waliomletea mashine zao aliwafokea kwa amri hiyo mpaka wengine wakawa wanamwigiza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye shughuli. Bofya mwenyewe, ujanani, alikuwa ametunga mchezo wake mmoja. Uliitwa Hoteli ya Mwisho wa Reli. Msafiri anashuka kwenye treni, anaingia hotelini, anapewa ufunguo, lakini chumba chake hakipo. Ndiyo hivyo, hakipo. Kazi yako ni kukitafuta. Mchezo ulipendwa. Ukauzwa ukiwa hauna sauti, maneno yanaandikwa chini ya skrini unasoma mwenyewe. Kisha kampuni iliyouuza ikasema litolewe toleo la pili, lenye watu wanaozungumza kwelikweli. Pesa za waigizaji hazikuwapo. Bofya akamtazama mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa hajawahi hata kusimama jukwaani shuleni, lakini aliposikia shida ya mumewe alisema, "Wanawake wote nipe mimi. Kwani kuongea ni kazi?" Wakarekodi nyumbani, ndani ya kabati la nguo, kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Mama wa watu amejikunyata katikati ya makoti na magauni ya wateja, kipaza sauti mkononi, jasho linamtiririka, anasoma maneno ya mpokea wageni: "Karibu, mgeni. Ufunguo upo, ila chumba ndicho kilichopotea." Alisoma ya mpokea wageni, ya mpishi, ya mjane wa chumba cha juu, na kwa kicheko kikubwa akasoma hata ya kasuku. Zamu ya wanaume ilikuwa bado haijafika kampuni ilipofilisika. Toleo la sauti halikutoka. Ilibaki diski moja tu, na Bofya akaiweka kabatini, palepale zilipotoka sauti zenyewe.

Miaka ikapita, mkewe akaugua, akafa. Kwa kweli sina maneno mengine ya kulisema hilo. Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa za kupigia tu, haikuwapo hii desturi ya kurekodi kila mtu akila na akicheka. Picha zake zilikuwapo za kutosha. Sauti yake haikuwapo popote duniani ila kwenye ile diski. Na Bofya, mwenye kufufua michezo ya watu wote, hakuwahi kuigusa. Binti yao wa pekee, aliyekuwa nesi katika hospitali kubwa ya mji, alimwuliza mara kadhaa, "Baba, ile diski ya mama hatuisikilizi?" Naye akajibu, "Tutaisikiliza, mwanangu. Kifaa cha kuisomea sina." Uongo mtupu, kifaa alikuwa nacho. Alichokosa ni moyo.

Ndipo siku moja ikaja simu kutoka kwa mwanamke mwenye kampuni ya kuuza michezo hiyo upya. Bofya alimwita Bosi, ingawa kwa umri angeweza kumzaa.

"Shikamoo mzee. Nimepata haki za Hoteli ya Mwisho wa Reli. Mimi niliucheza nikiwa darasa la tano, nikakwama pale kwenye lifti mpaka nikalia. Nataka uurudishe wewe mwenyewe."

"Marahaba. Nina toleo lenye sauti," Bofya akasema, na yeye mwenyewe akashtuka kujisikia.

"Mungu wangu! Toleo la sauti? Si wanasema halikuwahi kuwapo?"

"Lipo. Sauti ni za marehemu mke wangu. Nitaufanya mchezo huu kwa sharti kwamba zibaki."

Bosi akasema kwa upole kwamba hana tatizo, mradi zisikike vizuri. Zikiwa na mikwaruzo ya kuudhi, itabidi atafute waigizaji. Bofya akasema zitasikika.

Akaitoa diski. Kuisoma haikuwa mchezo. Ile ngozi yake ya fedha ilikuwa imeanza kuinuka pembeni, na kila kifaa kilipojaribu kuizungusha kilinung'unika na kuitema. Akaifuta, akaibembeleza, akabadilisha kifaa hiki na kile, mpaka mwishowe faili zote zikaingia kwenye kompyuta. Alipoitoa, ngozi ikabanduka vipande vipande mkononi. Hakujali. Alichokitaka alikuwa amekipata.

Lakini hakikuwa kimekamilika, na hili nilieleze taratibu. Sauti inapohifadhiwa kwenye kompyuta, inatakiwa iandikwe pembeni yake kwamba ichezwe kwa mwendo gani. Unakumbuka kaseti? Betri zikiisha, mwimbaji anakuwa mzito kama ana usingizi. Mwendo ukizidi, anakuwa mwembamba. Basi Bofya wa ujanani, kwa kubana nafasi, aliziacha sauti tupu, bila mwendo kuandikwa popote. Mwendo ulikuwa ndani ya programu ya kuzichezea, na programu hiyo ilikufa na kompyuta yake ya zamani. Sasa alikuwa na sauti ya mkewe, ila hakujua mwendo wake.

"Si kitu," akajiambia. "Mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, nishindwe kumtambua?"

Akaanza kwa sikio. Akaweka mwendo wa juu, akasikia kitoto kinachopiga kelele. Akashusha, akashusha tena. Ikafika mahali, yule mwanamke kabatini akasema, "Karibu, mgeni," na Bofya akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa yeye! Mchangamfu, mwepesi, kicheko kimejificha nyuma ya kila neno, kama siku zile za kwanza Bofya alipokuwa akimpelekea suruali za kupunguza hata zisizohitaji kupunguzwa. Mzee wa watu akalia mpaka mwenye duka akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna msiba. "Hakuna," Bofya akajibu. "Ni mafua."

Na hapo, kwa furaha ile, akafanya alichowakataza wengine maisha yake yote. Ndani ya sauti mlikuwa na mikwaruzo, na chini yake mngurumo mmoja mrefu, wa friji lililokuwa likiunguruma upande wa pili wa ukuta siku walizokuwa wakirekodi. Alikuwa na programu nzuri ya kusafishia. Akaipitisha kwenye faili zote, mikwaruzo ikafa, friji likanyamaza, mkewe akabaki peke yake, safi, kama ameketi kwenye kiti cha pembeni. Akahifadhi juu ya faili zilezile. Nakala hakutoa. Amri iko ukutani, nyekundu, anaitazama, na nakala hakutoa! Kinyozi hajinyoi, ndivyo walivyosema wahenga, na mimi naongeza kwamba siku akijinyoa anajikata sikio.

Jumapili binti akaja na mwanawe, kasichana kadogo ambako kalimjua bibi yake kwa picha tu. Bofya alikuwa amefagia chumba, amepanga viti. Akawakalisha kama watu waliokuja kupokea mgeni kutoka safari. Akabofya kengele ya mapokezi ya hoteli.

"Karibu, mgeni. Ufunguo upo, ila chumba ndicho kilichopotea."

Kasichana kakacheka. Binti hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza kifua cha mgonjwa.

"Rudia, Baba."

Akarudia.

"Huyu ni nani?"

"Ala! Mama yako huyo."

"Mama hakuwa na sauti hii."

"Mwanangu, ni miaka mingi..."

"Baba, mama sauti yake ilikuwa nzito. Watu wakipiga simu nyumbani walikuwa wanadhani wanaongea na wewe. Si ulikuwa unamtania unamwita Bwana Mkubwa? Huyu ni msichana tu huyu."

Bofya alitaka kubisha, lile jina likamkamata. Bwana Mkubwa. Ni kweli, alikuwa akimwita hivyo. Alikuwa amelisahau jina lile kabisa, na alipolikumbuka alisikia moyo wake ukishuka taratibu kama ndoo kisimani. Ina maana hakumtafuta mkewe aliyemzika. Alimtafuta msichana wa zile suruali, akampata, akafurahi.

"Basi nisaidie," akasema. "Wewe sikio lako bado zima. Niambie nikifika."

Akashusha mwendo. "Bado," binti akasema. Akashusha. "Bado kidogo. Hapo. Hapo hapo, Baba!" Wote wakasikiliza. Mpokea wageni aliwakaribisha kwa sauti nzito, ya mtu aliyechoka. Binti akakunja uso. "Hapana, umepitiliza. Panda kidogo." Akapanda. "Sasa imekuwa nyembamba. Au? Hebu weka ile ya kwanza." Akaiweka ile ya kwanza. "Sivyo. Ile ya pili." Ikaja ya pili, ikaja ya nne, ikarudi ya pili. Maneno yaleyale, ufunguo uleule, chumba kilekile kilichopotea. Tofauti kati ya mwendo na mwendo ilikuwa ndogo ya kijinga, lakini mtu ndimo alimokuwamo. Kasichana kakachoka, kakaenda dukani kuchezea kalamu za rangi.

"Hapo?" Bofya akauliza.

Binti akafumba macho.

"Ni hapo, au nishushe?"

"Sijui," binti akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nilipoingia humu nilikuwa naijua. Nilikuwa nayo hapa kichwani, Baba, naisikia nikitaka. Sasa kila nikiitafuta naisikia hii ya kompyuta. Acha. Tafadhali acha, unanipotezea hata ile niliyokuwa nayo."

Akazima. Wakabaki wawili hao, wenye kumpenda kuliko watu wote waliobaki duniani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuapa kwamba anaijua sauti yake.

Nesi ni nesi, hata akilia anafikiri. Akajifuta, akauliza, "Hakuna kitu kingine mle ndani? Kitu kisichobadilika, cha kupimia? Saa inayogonga, chochote?"

Kilikuwapo. Umeme una mlio wake, na mlio huo haupandi wala haushuki. Kila kitu kilichochomekwa ukutani kinaunguruma kwa sauti hiyo moja, jana, leo na miaka ishirini iliyopita. Angelitafuta friji. Angerekebisha mwendo mpaka friji lingurume sawasawa na friji la leo, na mkewe angekuja mwenyewe, alivyokuwa, bila mtu kubahatisha. Mtoto wa shule angeweza kuifanya.

"Lilikuwapo friji," akasema.

"Sasa?"

"Nimelifuta."

"Si una nakala?"

Mzee akageuza uso ukutani, kwenye yale maandishi yake mekundu, na binti akaelewa. Hakumfokea. Bora angemfokea. Mwiba wa kujichoma mwenyewe hauambiwi pole, lakini yeye alimwambia, "Pole, Baba," na ndiyo iliyomwua.

Kwa siku nyingi alipekua faili zile akitafuta japo chembe ya mngurumo. Ile programu yake nzuri ilikuwa imefanya kazi nzuri. Vipande vya ngozi ya diski alivifunga kwenye karatasi, akawapelekea mafundi wanaosifika, wakavitazama wakamrudishia kwa heshima, kama daktari anavyokurudishia vyeti.

Bosi akapiga. Kazi nyingine yote ilikuwa imekamilika: msafiri anatembea kwa mwendo wa binadamu, lifti inapanda, picha zinajaa skrini pana bila kuvutika. "Zimebaki sauti tu, mzee. Vipi? Nitafute waigizaji?"

"Hapana," Bofya akasema. Kumwondoa kabisa hakuweza.

Akampigia binti. Wakabishana kwa upole, kila mmoja akimwachia mwenzake. "Weka yako, Baba, wewe ndiye mumewe." "Hapana, yako, wewe ulimsikia mwisho." Mwishowe wakakata katikati, kati ya sauti ya baba na sauti ya binti, kama ndugu wanaogawana kiwanja cha urithi wasigombane. Ilikuwa sauti nzuri. Ilisikika vizuri kabisa. Kati yao hakuna aliyeitambua.

Mchezo ukatoka, wanaume wakiongea kwa maandishi chini ya skrini kama zamani, ukashangiliwa. Wachezaji wakaandika mtandaoni kwamba yule mpokea wageni ana sauti ya kipekee, ni nani huyu dada, mbona hatujamsikia kwingine. Bosi alimtumia Bofya maneno yale yote, kwa moyo safi kabisa. Jina la mkewe lilipita mwishoni mwa mchezo, herufi nyeupe, kubwa kuliko za wengine. Mwenye duka akamwambia kila mteja wa kopi, "Mnaona? Si niliwaambia huyu anafufua?" Bofya alishukuru, akarudi kubofya.

Baadaye, mvua zikiwa zimeanza, binti akaja peke yake, siku ambayo si Jumapili. Hakuvua hata koti. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akashika mkoba wake magotini.

"Jana nilikuwa namsimulia mtoto," akasema, "jinsi mama alivyokuwa ananigombeza nikichelewa kutoka shule. Anasimama mlangoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, ananiambia, 'Wewe, nyumba hii ina saa.' Nikaiga sauti yake ili mtoto acheke."

Bofya akaacha kipanya.

"Nimeiga ile, Baba. Ile ya katikati. Nikajaribu tena, ikaja ileile. Usiku wote nimejaribu. Mama ananigombeza, mama ananiita kula, mama hospitalini ananiambia nisilie. Yote yamekuwa ile. Hata yale ambayo hayamo kwenye mchezo."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la mlango. Bofya alitaka kumwambia kwamba itarudi, kwamba kumbukumbu zina tabia hiyo, kwamba ampe muda. Maneno yote ya kumliwaza mtoto aliyaona yamejipanga, na akajua ni uongo kama ule wa kifaa cha kusomea.

"Kwangu pia," akasema. "Tangu wiki ile tuliyokata katikati."

Binti akalaza kichwa mezani, pale penye kipanya, akalia kama siku ya mazishi. Na baba yake akamwekea mkono mgongoni, akatafuta neno ambalo mkewe angemwambia, akalipata, ila hakuthubutu kulisikiliza.